Mama Anachambua Maharage na Mwingine

Nasema mapema ili mtu asije akanisifu bure: nilimwonea wivu mwanamke mmoja mpaka nikakonda. Hakuninyang'anya mume, hakunipita kanisani, wala hakushona vizuri kuliko mimi. Kosa lake lilikuwa moja. Mama yangu mzazi, ambaye kwangu alikuwa amefunga mdomo, kwake aliongea.

Mama wakati huo alikuwa anakaa Area 25, Lilongwe, katika nyumba ya wazee ya kanisa moja. Mi nakaa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, nashona nguo. Sisi tuliotoka upande wa Fizi hatuna desturi ya kupeleka mzazi nyumba ya wazee. Nilipolitaja jambo hilo kwenye bomba la maji, wanawake walinitazama kama mtu aliyemuuza mama yake sokoni. Lakini mama alikuwa ameteleza kwenye tope nyuma ya nyumba, mfupa wa nyonga ukavunjika, na daktari akasema huyu hawezi tena choo cha kuchuchumaa wala vichochoro vyenu. Mchungaji wetu akawaombea wazee wachache wa kambi nafasi katika nyumba ile. Ilikuwa na sakafu ya saruji, vyoo vya kukaa, na manesi wa Kimalawi wanaowaita wazee wote "agogo", yaani bibi au babu, kwa sauti ya heshima. Nikakubali. Kila Alhamisi nilichukua karatasi yangu ya ruhusa, nikaenda Old Town kununua uzi na vitambaa, na nikirudi nilipitia kwake na ndagala, dagaa wa kwetu, za kukaanga.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda. Halafu mama akaanza kugeukia ukuta. Aliacha nyama, tukasema ni meno. Akaacha nsima, ugali wa huku, tukasema ni tumbo. Alipoacha hata uji, akakataa na kufungwa kitambaa kichwani, yeye ambaye hajawahi kumfungulia mtu mlango kichwa wazi, nesi mkuu aliniita pembeni akaniambia agogo ana ugonjwa wa huzuni. Nikamjibu kwetu huzuni si ugonjwa, huzuni ni mgeni: anakuja, unamvumilia, anaondoka. Nesi akasema, "Huyu haondoki, mama. Na agogo hali." Akanionyesha daftari la uzito.

Mama alikuwa anakufa kwa kukataa kula, hilo kila mtu aliliona. Nililolijua peke yangu ni kwamba nilitaka nimponye mi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilikaa kando ya kitanda chake nikamweleza habari zote za kambi, nani kaoa, nani kahamia wapi, kwaya gani imegombana na kwaya gani. Nilimbembeleza, nilimkaripia, nilimwimbia. Alinisikia jinsi mtu anavyosikia redio ya jirani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Uchungu wa mzazi asiyekutaka, huo hawakuutungia methali.

Daktari akaandika vidonge, na pamoja na vidonge akaja yule mwanamke. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, binti wa wakimbizi wa Rwanda, amekulia Dzaleka hiyohiyo, akaenda kusomea kazi ya kusikiliza watu. Ndiyo, kumbe kuna kazi hiyo. Kila Jumanne alikaa na mzee mmoja mmoja, mzee anaongea, yeye anasikiliza, na hiyo eti ni tiba. Nilicheka. Kama kuongea kungeponya, kanisani kwetu asingekuwepo hata wa kukohoa.

Wazee wa Kimalawi walikataa moja kwa moja: wao si vichaa. Wazee wetu wa kambi walikubali haraka sana, na hapo njo kosa lilipoingia; njo kwetu ni "ndiyo". Mzee mmoja, Mnyarwanda, aliomba kwanza koti lake lipigwe pasi. Akaja kwenye kiti amefunga tai, na mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote tangu alipovuka mpaka. Mtu asiyeishi kambini hawezi kuelewa. Sisi, mtu akikukalisha, akakaa mbele yako na kalamu, akasema "nieleze maisha yako", tunajua hiyo ni nini. Hiyo ni intavyu. Hiyo njo inayoweza kukupandisha ndege na familia yako, au kukuacha hapahapa mpaka uzikwe. Na kanuni ya intavyu hata mtoto anayetambaa Dzaleka anaijua: usibadilishe habari. Ulivyosema mara ya kwanza, ndivyo utakavyosema mara ya kumi.

Basi mama naye akaenda kwenye "intavyu" yake. Alhamisi iliyofuata alinisimulia, na yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoniambia mwezi mzima. "Nimejibu muzuri," akasema. "Kijiji, mwaka, bwana yangu wamemuua, njia tulipita, niko na mutoto mumoja, mwanamuke. Sikukosea hata fasi moja." Halafu akauliza, "Jibu litatoka lini?"

Nikamsifu. Nikamwambia, umefanya vema, mama. Wala sikumwambia kwamba hiyo haikuwa intavyu, kwa sababu kwanza sikuwa na hakika, na pili nilipenda. Nilipenda kusikia kwamba mbele ya mgeni yule mama alikuwa amesema kwa mdomo wake: mutoto mumoja.

Lakini yule mwanamke hakuwa mjinga. Alikulia kwetu. Aliposikia wazee watano wakimweleza maisha yao kwa mpangilio uleule, tarehe baada ya tarehe, hakuna anayelia, hakuna anayecheka, alielewa. Wiki ya tatu hakuja na kalamu wala daftari. Alikuja na ungo mkubwa na maharage ya jikoni, akaketi kwenye mkeka barazani, si kwenye kiti, akaanza kutoa mawe. Hakuuliza kitu. Mama akamtazama anavyochambua, akaona anaacha mabovu, ikamuudhi. Akaomba asogezewe kiti, akaingiza mkono kwenye ungo.

Alijua alichofanya, yule. Kwetu wanawake hawaambiani mambo mazito wakitazamana usoni. Hiyo ni ya mahakamani. Jambo zito linasemwa mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, ili ukitaka kunyamaza katikati ionekane umeona jiwe. Baada ya mwezi mmoja wazee walikuwa wameacha kabisa kusema "tiba", neno la daktari. Waliita "kuchambua maharage". "Leo ni zamu yangu ya maharage," anasema agogo wa Kimalawi aliyekuwa akiapa kwamba yeye si kichaa. Yule mzee wa tai alikuja na shati tu, akawa anamenya karanga kwa sababu maharage, alisema, ni ya wanawake. Mpishi alifurahi kuliko wote.

Na mama akaanza kula. Nesi alinipigia simu kunipa habari hiyo njema, uji bakuli zima na yai. Mtoto mwenye moyo mzuri angepiga magoti amshukuru Mungu. Mi niliuliza, "Siku gani hiyo?" Akasema, "Jumanne." Nilikata simu nikakanyaga mashine mpaka uzi ukakatika.

Siku moja, kwa sababu Alhamisi iliyotangulia tulikuwa na mazishi, nilikwenda Jumanne. Nilipopita kona ya jengo nikawaona barazani. Mama alikuwa anaongea. Siyo kujibu, kuongea, mkono mmoja hewani unachora kitu kirefu hivi. Akacheka akaziba mdomo kwa kiganja, cheko lake la zamani la aibu, ambalo nilidhani tulilizika njiani. Kisha, bila kupumzika, akalia. Na yule mwanamke hakumwambia "nyamaza mama, Mungu yupo", kama tunavyosema sisi sote. Aliendelea kuchambua taratibu. Nikamsikia mama anasema, "Njo vile, mutoto wangu."

Mutoto wangu. Nilisimama pale na ndagala zangu mkononi. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mi nilishiriki, nikajipakulia tena.

Waliponiona, maneno yakaisha. Mwanamke akainuka, akanisalimu kwa mikono miwili akiinama kidogo, "Habari ya kambi, mama?" akatuachia nafasi. Nikaketi pale alipokuwa ameketi. Nikaingiza mkono kwenye ungo.

"Ni safi, tumemaliza," mama akasema. Kisha, kwa adabu, "Jua ni kali huko njiani?"

"Mulikuwa munaongea nini?"

"Vya zamani tu."

"Vya zamani gani?"

"Vya zamani."

Nikampa ndagala. Akazipokea akasema, "Zikomo." Zikomo! Asante ya Chichewa, kwangu mimi, niliyetoka tumboni mwake, kama ninayempimia nyanya pale sokoni. Nilitoka nikamkuta yule mwanamke getini anafunga viatu. Nikamuuliza bila salamu mama yangu anamwambia nini. Akasema, "Ile ni ya koko mwenyewe, mama. Akitaka, atakuelezea." Koko kwetu ni bibi, alimwita koko, na mimi akaniita mama, adabu yote mahali pake, sikuwa na pa kumshika. Nikasema, "Mi njo mutoto wake." Akajibu, "Najua." Jinsi alivyosema lile "najua", polepole na kwa huruma, ndiyo iliyonifanya nifanye nilichofanya.

Alhamisi iliyofuata nilivuta kiti karibu na mama, nikapunguza sauti. Nikamwambia, "Mama, jihadhari na ule mwanamuke. Yote unamuelezea anaandika akifika kwake. Inaenda ku biro. Ukibadilisha habari, dosye yetu itaharibika, na bajukuu bako babakie hapa." Biro ni ofisi ya wakimbizi, dosye ni faili letu huko, na nilijua ni uongo. Nasema wazi: nilijua. Mama hakuuliza swali. Aliangalia mikono yake kwa muda, akaiweka chini ya shuka.

Jumanne alikataa maharage. Jumanne iliyofuata alikataa maharage na uji. Nesi aliponipigia kuniambia agogo amegeukia ukuta tena, kabla ya hofu kuja kilikuja kitu kingine, kifupi, na nikikificha hapa haina maana kuandika: nilifurahi. Nikasema moyoni, sasa tuko sawa, mi na wewe, hakuna anayeambiwa. Furaha hiyo haikumaliza hata dakika. Nesi alikuwa anaendelea kusema, na alichokuwa anasema ni uzito wa mama.

Nilikwenda siku hiyohiyo. Nilimkuta yule mwanamke ameniwahi, ameketi barazani peke yake na ungo mtupu mapajani. Nilijiandaa kwa vita. Hakunilaumu.

"Mama," akasema, "koko amenambia neno moja tu wiki hii. Amesema, mwenye dosye amekataza. Mi sijui mwenye dosye ni nani. Sikuulizi. Lakini yeye hataweza kuendelea kubeba vile peke yake."

Mwenye dosye nilikuwa mimi. Sasa nieleze, maana mficha maradhi kilio humfichua.

Hatukuwa mmoja. Kwa miaka kumi nilikuwa peke yangu kwa mama, halafu akazaliwa mdogo wangu, msichana, na tangu siku ile mgongo wa mama haukuwa wangu tena. Tulipokimbia, baba ameshauawa, nilikuwa na miaka kumi na sita na mdogo wangu sita. Alikufa kwa homa Tanzania, katikati ya njia. Tulimzika pembeni ya shamba la mihogo la watu tusiowajua, na asubuhi tukaendelea kutembea. Tulipofika Dzaleka na kuitwa mara ya kwanza kuandikishwa, mama hakuweza kufungua mdomo, alikuwa analia tu. Mi niliyekuwa nimesoma njo niliyejibu. Kwenye foleni watu walikuwa wametuonya kwamba waliokufa njiani wanaleta maswali, utaulizwa cheti, utaulizwa kaburi, dosye italala miaka. Basi nilipoulizwa mama yako ana watoto wangapi, nikasema mmoja. Mfasiri akarudia, mmoja? Nikasema, mmoja. Kisha nikamfundisha mama kama katekisimu, jioni baada ya jioni: uko na batoto bangapi? Mumoja. Rudia. Mumoja.

Foleni ilinipa sababu, lakini foleni haikunilazimisha. Niliposema "mmoja" mbele ya meza ile nilisikia kitu kinatulia ndani yangu. Nilikuwa nimerudishiwa mahali pangu. Na miaka yote tuliyokaa kambini, mama hajawahi kulitaja jina la yule mtoto mbele yangu, na mi nikajiambia amesahau, watu husahau. Kumbe alikuwa ananitii.

Nikamwomba yule mwanamke ungo. Akaenda jikoni akaujaza maharage, akanikabidhi, akabaki huko huko jikoni. Pamoja na wivu wangu wote, bado nilitamani angeingia nami.

Mama alikuwa amegeukia ukuta. Nikaketi kitandani nyuma ya mgongo wake, nikaanza kuchambua, maana bila kazi mkononi nisingeweza. Mawe nikayaweka kwenye kitambaa changu. Sijui yalikuwa mangapi kabla sijasema.

"Mama. Tulikuwa babili."

Hakugeuka, lakini pumzi yake ilikatika.

"Mi njo nilidanganya ku biro. We hukukosea. Na hapa hakuna biro, nilikudanganya tena kwa wivu. Unielezee yeye."

Kisha akalitaja jina, jina la mdogo wangu, akilielekeza ukutani. Akalitaja tena. Akageuka kwa taabu, na nyonga ile, nikamsaidia kukaa, na macho yake yakashuka kwenye ungo, mkono ukaingia.

Akasimulia. Alivyopenda ukoko wa ugali mpaka anapigana na sufuria. Alivyolala ameshika sikio la mama. Alivyojifunza kupiga mluzi kama mwanamume na shangazi akasema atakosa mchumba. Alivyobebwa njia nzima, alivyokuwa mzito, alivyokuwa mwepesi mwishoni. Alivyoomba samaki na hapakuwa na samaki. Nilisikiliza yote. Na katika yote nilikuwa nikisubiri jina langu, jinsi tunavyosubiri pale kambini majina yanaposomwa kwenye orodha, herufi ikikaribia ya kwako unaacha kupumua. Sikusomwa. Nilikuwa mwanamke mzima, nina watoto wakubwa, na nilimwonea wivu mtoto wa miaka sita aliye chini ya mihogo ya watu. Lakini sikumkatiza. Hilo peke yake nalijivunia.

Alipofika kaburini alitoa jiwe, akalitazama, akaliweka kwenye kitambaa changu pamoja na mengine.

"Na we ulikuwa nyuma," akasema. "Na sufuria, na mukeka, na nguo zetu zote ku kichwa. Kila nikigeuka, nakuona. Nasema, huyu iko na nguvu, huyu nitamubeba kesho." Mikono yake ikasimama. "Ile kesho sikuifanya. Uko na hasira na mi?"

Mtoto aliyelelewa vizuri anajua jibu lake, na nilikuwa nalo mdomoni tayari: hapana, mama, hasira ya nini. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Njo, mama. Niko nayo."

Mama akausukuma ungo mpaka mwisho wa kitanda, maharage mengine yakamwagika sakafuni na hakuyaangalia. Akanitazama usoni, kabisa, jambo ambalo sisi hatufanyi.

"Basi sema," akasema. "Niko nasikia."

Nilikuwa na maneno ya miaka yote ile. Nilikuwa nimeyapanga nikiwa kwenye mashine, nikiwa foleni, nikiwa barabarani kwenda kwake kila Alhamisi. Mengine makali, mengine ya hekima. Nikafungua mdomo, hayakuwepo.

"Miguu iliniuma, mama," nikasema. "Ile safari yote, miguu iliniuma."